Vyuma vya Saruji

Nyumba yetu ya Nakulabye iko mteremkoni, kama nyumba nyingi za Kampala, na kitu chochote cha duara kikiachwa barazani mwisho wake ni kwa jirani. Mipira, machungwa, vifuniko vya sufuria, vyote huteremka kati ya migomba hadi kwa Jajja, bibi wa Kiganda anayekaa chini yetu, naye huvirudisha akicheka.

Mwezi wa Agosti, muhula ulipokaribia kuanza, alihamia kwetu mtoto wa dada yangu wa Bukoba, mwanafunzi wa mwaka wa pili Makerere. Mwaka wa kwanza alikuwa amepanga hosteli ya Kikoni. Sekondari alikuwa mnyanyua vyuma hodari, lakini Kikoni alikuwa akiishi kwa chai asubuhi na rolex moja, chapati iliyoviringishiwa mayai, Wandegeya usiku, na mchana anapitisha kwa maji. Alifika kwetu shati likimning'inia. Jioni ileile akatangaza: “Mama mdogo, naanza upya mazoezi.” Nilifurahi sana. Kijana anayetaka kuutunza mwili wake ni wa kushikwa mkono.

Fedha za gimu hakuwa nazo, akajitengenezea vyuma. Alitafuta makopo mawili ya rangi ya lita nne na kipande cha bomba la maji. Akakoroga zege la saruji, mchanga na kokoto, akajaza kopo la kwanza, akasimamisha bomba katikati na kulifunga kwa kamba kwenye nguzo ya baraza lisije likalala upande. Zege lilipokauka akaligeuza bomba, akajaza kopo la pili. Kopo la ukubwa huo likijaa zege hukaribia kilo 10, kwa hiyo chuma kizima, pamoja na bomba, kilifika kama kilo 20. Fundi wa mtaani alisimama akakigonga kwa kidole, akakisifu.

Tatizo la kwanza lilikuwa haraka. Kijana alianzia pale alipoishia sekondari: raundi zilezile, idadi ileile. Kweli, aliyewahi kujenga misuli huirudisha upesi kuliko anayeanza kabisa, ila kano na viungo haviendi kwa mwendo wa misuli, na maumivu hufika kilele siku ya pili au ya tatu. Tukamwona anashuka ngazi kinyumenyume, ameshika ukuta. Mama yangu akashtuka. “Mjukuu wangu, nani kakupiga?” Akajibu kwa adabu, “Nimejipiga mwenyewe, Bibi.”

La pili lilikuwa chakula. Jumapili walikuwa wanakuja wakwe zangu kutoka Masaka, na nilikuwa nimeweka trei ya mayai 30 na kopo la karanga za kusaga kwa ajili ya mchuzi. Jumamosi usiku nikafungua kabati: mayai manne, na kopo limekwanguliwa kwa kijiko hadi linang'aa. Kijana alikuwa amesoma kwamba misuli inataka protini, akaamua kulipa deni la mwaka mzima kwa wiki moja. Mume wangu alikuna kichwa. Mimi nilihesabu wageni.

La tatu lilitokea asubuhi yake. Akitaka kusaidia, kijana alikiondoa chuma barazani ili nitandike mikeka, akakilaza ukingoni na kwenda kuchukua ufagio. Chuma kikaanza taratibu, kikapata kasi, kikapita migomba, kikatua kwenye sigiri ya Jajja. Juu ya sigiri palikuwa na katogo, matoke na utumbo, chakula cha asubuhi cha watu wa kwake wote. Tulifika mbio, tukakuta sufuria imepinduka, matoke yamelala kwenye udongo mwekundu na makaa yanafuka. Jajja alikuwa bombani anateka maji, hakuna aliyeguswa. Kijana alipiga magoti mbele yake, hawezi kusema. Jajja akamwangalia, akaiangalia katogo, akasema, “Bambi, mwanangu. Simama.”

Tukakubaliana kwamba siku hiyo nyumba zote mbili zitakula kwetu. Matoke tulikuwa nayo na maharage yalikuwa jikoni. Jajja akaleta karanga zake na kibaba cha mukene, dagaa wakavu wa Ziwa Victoria. Akaondoa vichwa, akawatwanga mpaka wakawa unga, akaukoroga ndani ya mchuzi wa karanga. Ndivyo alivyowakuza wanawe, alisema; mtoto akiacha kunyonya, mchuzi huo ndio unaomshika. Wakwe walipofika walikula wakaongeza.

Nilimwona kijana ameshika sahani, anafikiri. Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa wakavu ni protini, na karanga zina karibu robo. Yai moja lina gramu 6 hivi. Wataalamu wengi wanamshauri anayenyanyua vyuma apate kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Yeye ana kilo 60, kwa hiyo anahitaji gramu 96. Tulikaa mezani tukapiga hesabu pamoja. Mayai mawili, maharage mara mbili, mchuzi wa Jajja, nusu lita ya maziwa, na posho, yaani ugali, inayochangia kidogo: hesabu inatimia bila kununua unga wa protini wa mkebe. Kinachotakiwa ni kula hivyo kila siku, muhula mzima.

Vyuma vilipumzishwa. Badala yake kijana alichukua jerikeni. Lita moja ya maji ni kilo moja, na jerikeni ya kawaida hubeba lita 20, kwa hiyo ni chuma kinachoongezeka utakavyo. Alianza na lita 10 kifuani, anachuchumaa na kusimama. Akimaliza raundi tatu za mara kumi bila kuyumba, anaongeza lita moja. Mama yangu humsimamia kwenye kiti chake: “Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inama vizuri.” Mzee wa nyumba ya pili humkumbusha John Akii-Bua, polisi aliyeipa Uganda dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, Munich mwaka 1972, kwa sekunde 47.82 katika mita 400 kuruka viunzi. Akii-Bua alifanya mazoezi amevaa fulana iliyotiwa uzito.

Mazoezi yakiisha, kijana humtekea Jajja maji. Shati sasa linamkaa mabegani, na vyuma vya saruji amevirudia, vikiwa vimewekewa tofali kila upande.

Nawaomba wazazi na walezi wenye vijana vyuoni: mtoto akisema anaanza mazoezi, muulize kwanza amekula nini tangu asubuhi. Nanyi wanafunzi wa Kikoni, changeni wanne, mnunue maharage, karanga na mukene pale sokoni Kalerwe, mpike sufuria moja mgawane. Anzeni na uzito mdogo kuliko mnaouweza. Nguvu zinajengwa na chakula ambacho nyumba inaweza kukipika tena kesho.