Barua ya wazi kwa mwenye dhamana ya vioo vyeusi

Mheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUPATIWA NAMBA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mkazi wa Moshi, mwenye Toyota IST iliyotumika Japani, ikatumika Dar es Salaam, na sasa inamalizia uzee wake kwangu. Sikuandikii kulalamikia tochi za kupima mwendo, wala kile kibao cha hamsini kinachosimama mahali nyumba zimekwisha. Hayo tumeshayazoea. Nakuandikia kuhusu vioo.

Juzi kati nilikuwa nashuka mjini, trafiki mmoja akanisimamisha. Kijana mwenye adabu zake. "Shikamoo mzee." Nikaitika. Akazunguka gari, akainama, akaweka kiganja juu ya macho, akachungulia kioo cha nyuma.

"Mzee, tinti yako imezidi."

"Imezidi ngapi, afande?"

Akachungulia tena. "Imezidi tu, mzee. Ndani sioni mtu."

Nikamwambia ndani hakuna mtu, kuna mkungu wa ndizi na dumu la mafuta ya taa. Akajibu kwamba ndiyo maana anasema haoni. Nikaandikiwa elfu thelathini. Bodaboda aliyekuwa akitusikiliza alicheka mpaka akashika usukani. Yeye faini yake ilishushwa hadi elfu kumi mwaka 2021, na hana kioo cha kuchunguliwa.

Mheshimiwa, kioo kile sikukipaka mimi. Sheria ya Japani inataka kioo cha mbele na vile viwili vya pembeni mwa dereva na abiria wa mbele vipitishe angalau asilimia 70 ya mwanga; vya nyuma haivibani. Kwa hiyo kiwanda chenyewe hutia rangi vioo vya nyuma, na rangi imo ndani ya kioo. Haibanduki kwa wembe, haiyeyuki kwa petroli. Ndivyo zilivyo IST, Noah, Harrier na Alphard nyingi zinazokula vumbi la mji huu. Gari langu lilishuka bandarini na vioo hivyo hivyo, likakaguliwa, likatozwa ushuru, likapewa namba za usajili. Wakati wa kulipa ushuru hakuna aliyeweka kiganja machoni. Giza lile lilikuwa halali kwa muda wote fedha ilipokuwa inaingia serikalini, likageuka kosa lilipoanza kupanda mlima.

Najua Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na IST ya kwanza ilitoka kiwandani mwaka 2002, kwa hiyo hawakupata nafasi ya kufahamiana. Lakini miaka imepita.

Wamarekani, ambao tunapenda kuwacheka kwa mambo yao, kila jimbo lao lina sheria yake ya tinti. Vioo vya mbele vya pembeni katika jimbo la California lazima vipitishe asilimia 70, Florida 28, Texas 25. Mtu akiendesha kutoka Miami hadi Los Angeles, kioo chake kinaondoka nyumbani na heshima zake na kufika kikiwa mhalifu, bila kubadilika hata kidogo. Ni vichekesho. Ila wana namba, na askari wao ana kifaa cha mkononi kinachobana kioo pande mbili, taa upande huu na kipokezi upande ule, kisha kinasoma asilimia. Na namba hiyo ni ya kioo pamoja na tinti. Kwa kuwa kioo cha kiwandani nacho hula mwanga kidogo, mtu wa California akibandika tinti nyepesi tu anaweza kujikuta chini ya 70. Mimi kipimo nilichopimiwa kilikuwa jicho la kijana wa watu saa saba mchana, jua la Februari linamwakia kwenye kioo hicho hicho anachokipima.

Mtu pekee mjini hapa niliyemsikia akizungumza kwa asilimia ni fundi wa tinti. Nilikwenda kwake kutafuta elimu. Alikuwa ananyunyiza maji ya sabuni kwenye kioo cha Noah, akatandaza karatasi, akasukuma maji nje kwa kipande cha plastiki kutoka katikati kwenda pembeni, povu likitoka taratibu, kisha wembe ukapita ukingoni bila kutikisika. Akaniuliza bila kugeuka: "Unataka ngapi? Hamsini, thelathini na tano, ishirini, tano?" Nikauliza tano ndiyo nini. Akanieleza kwamba mwanga ukija mia, unaoingia ni tano. Kisha akanihurumia: "Ila wewe usiweke tano, mzee, watakusumbua. Tano ni ya mashangingi ya wakubwa."

Hapo ndipo nilipoelewa sheria. Sijawahi kumwona trafiki akichungulia shangingi. Kiganja kile kile kilichokaa juu ya macho kwenye IST yangu, shangingi likipita kinapanda kwenye kofia.

Njoo Desemba uone, watu wakirudi nyumbani kwa Krismasi. Magari yanapanda Marangu, Machame, Kibosho na Rombo, meusi tii vioo vyote. Bibi amesimama kwenye kihamba chake anapungia mkono kioo, hajui kama amemsalimia mjukuu au mkuu wa mkoa. Noah za abiria nazo zimejifunza. Gari la watu wanane linabeba umati, na nyuma ya kioo cheusi hakuna awezaye kuhesabu magoti.

Sikatai kwamba giza linaua. Kioo cha mbele na vya pembeni mwa dereva viwe vyeupe, bila mjadala. Anayeshuka Kibosho usiku, ukungu umelala barabarani na bodaboda hana taa, halafu amebandika ishirini pembeni, huyo mwandikieni hata mara mbili. Wala sikatai suala la usalama. Kenya walipiga marufuku vioo vyeusi Mei 2014 baada ya mabomu ya Nairobi. Uganda, kuelekea uchaguzi wa Januari 2021, wananchi walizipa jina la "droni" zile HiAce zenye vioo vyeusi zilizokuwa zikizoa wapinzani. Kwetu, Desemba 1, 2024, Abdul Nondo wa chama cha ACT Wazalendo alitekwa alfajiri kwenye stendi ya Magufuli, Dar es Salaam, akaingizwa kwenye Land Cruiser nyeupe, na usiku akatupwa ufukwe wa Coco. Tangu hapo mtu wa huku akiona Land Cruiser yenye vioo vyeusi imesimama karibu na migomba yake, haulizi asilimia. Anaingia ndani na kufunga mlango. Kama hoja ni usalama, Mheshimiwa, mkungu wangu wa ndizi haukustahili kuwa wa kwanza kukaguliwa.

Tena kuna wanaohitaji kivuli kweli. Hapa hapa hospitali ya KCMC, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinatengeneza krimu ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kioo cha mbele cha gari huzuia karibu mionzi yote ya jua inayodhuru ngozi, lakini vya pembeni huachia sehemu yake kupita. Majimbo mengi ya Marekani hutoa kibali kwa cheti cha daktari. Zipo pia karatasi angavu zinazozuia mionzi bila kuleta giza. Mwenye ualbino apewe kibali chake ofisini, asijieleze upya kwa kila kiganja barabarani.

Kwa hiyo naomba namba. Itangazwe, ibandikwe kila kituo cha ukaguzi, ipimwe kwa kifaa, na ianzie bandarini kabla gari halijatozwa senti. Na siku kifaa hicho kitakapofika Moshi, kijaribiwe kwanza kwenye mashangingi.

Naomba kuwasilisha.

Mwenye IST,
Moshi.

Nakala: Fundi wa tinti, asiagize roli nyingine mpaka nitakapojibiwa.