Kutoka Kehancha hadi Kongamanoni: Mambo Kumi kwa Mwenye Kitabu cha Kwanza

Hongera! Kitabu kimetoka. Jina lako liko kwenye jalada, mama amekiweka kabatini pamoja na vyombo vya wageni, na nusu ya soko la Kehancha imeshauliza kama unagawa bure. Sasa umealikwa kwenye kongamano la waandishi, au umeamua mwenyewe kwenda Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu yanayofanyika Sarit Centre, Nairobi, kila Septemba. Nenda, mura. Nenda nawe, Boke. Haya hapa mambo kumi, tunahesabu kwa kushuka, na zito zaidi liko mwisho.

10. Funga vitabu vizuri. Basi la usiku kutoka Isebania litapita Migori, Rongo na Kisii, na kila kituo kina mzigo wake. Boksi lako litalala na mkungu wa ndizi na jogoo aliyefungwa miguu. Jogoo hajali jalada. Zungushia vitabu nailoni kwanza, boksi baadaye.

9. Vaa viatu ulivyovizoea. Utasimama kutwa kucha. Vipya viache vingoje harusi.

8. Namba ya M-Pesa iandike kwa herufi kubwa, uisimamishe mezani. Mnunuzi akiuliza namba mara ya tatu, moyo wake umeshahamia meza ya jirani.

7. Kabla ya kutia saini, uliza jina linavyoandikwa. Boke wa Kehancha na Bhoke wa Tarime wanaweza kuwa binamu, lakini kila mmoja anataka jina lake lilivyo kwenye kitambulisho. Tumia bolpeni ya kawaida, kwa sababu wino mzito hupenya hadi upande wa pili wa karatasi. Andika jina lake, tarehe na mahali, kisha acha ukurasa wazi kidogo ukauke. Usiharakishe. Huyu ametoa pesa zake kwa maneno yako, na dakika hiyo ni yake.

6. Ukikutana na mwandishi mkubwa, mpe mkono, taja jina lako, taja kitabu, taja Kehancha. Akiuliza Kehancha iko wapi, hapo ndipo umepata nafasi ya kuuza! Mweleze Kuria, mpaka wa Tanzania, mashamba ya tumbaku na mahindi, na ala ya iritungu inayopigwa kwenye sherehe. Atakumbuka.

5. Kikao cha mikataba usikikose, hata kama kimepangwa saa ya chakula. Chapati itangoja. Hiki ndicho kikao ambacho waandishi wapya hukikimbia, nami sijui kingine kinachowafaa zaidi. Mkataba ukisema mrabaha ni asilimia 10, uliza: asilimia 10 ya nini? Chukua kitabu cha shilingi 500. Kumi kwa mia ya bei ya dukani ni shilingi 50. Lakini kama mwenye duka amepewa punguzo la asilimia 30, na mrabaha wako unahesabiwa kwa kinachomfikia mchapishaji, unapata 35. Tofauti ni shilingi 15, bei ya andazi. Zidisha kwa nakala 3,000, na andazi limekuwa shilingi 45,000, pesa inayolipa karo. Uliza pia nani anashika haki za tafsiri, za redio na za filamu, na haki hizo zinakurudia lini kitabu kikiacha kuchapishwa. Andika majibu. Mchapishaji mwema hachukii maswali haya, na anayeyachukia amekusaidia kuamua mapema.

4. Zungumza Kiswahili ukumbini. Mnamo Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere, Kampala, katika mkutano ambao jina lake lenyewe liliwahusu wanaoandika kwa Kiingereza. Achebe alikuwepo, Soyinka alikuwepo. Shaaban Robert, aliyekuwa ameshatupa Kusadikika na Adili na Nduguze, hakuwa na kiti humo, ingawa kwao Tanga kuko Afrika Mashariki hiyohiyo, na mwezi huohuo alifariki dunia. Jambo hilo linaniuma kila nikilikumbuka. Ilichukua hadi Januari 2000, kule Asmara, kwa waandishi na wasomi kukusanyika na kutoa azimio lililotetea lugha za Afrika. Leo mlango uko wazi. Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta ina kitengo cha Kiswahili. Tuzo iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na ambayo sasa inaitwa Safal-Cornell, ni ya Kiswahili kitupu. Basi ukipewa kipaza sauti, uliza swali lako kwa lugha uliyoandikia kitabu, bila kuomba radhi. Na kama una hadithi kwa Igikuria, sema kwamba ipo.

3. Hesabu vitabu vya kwenu mezani, kisha uone wivu mzuri. Grace Ogot, muuguzi kutoka Asembo, alikuwa kwenye mkutano huohuo wa Makerere. Aliona kazi za watu wa Afrika Mashariki hazionekani, naye hakurudi nyumbani kulalamika. Mwaka 1966 alitoa The Promised Land, riwaya ya mume na mke wanaotoka Nyanza kwenda kutafuta maisha Tanganyika. Safari hiyo watu wa mpakani mnaijua kwa miguu. Ukitembea kati ya meza usione hadithi ya Kuria hata moja, hiyo ni kazi yako, na hakuna wa kukunyang'anya.

2. Nunua kitabu cha mwandishi mpya mwenzako. Kisome njiani, umwandikie. Mwalike shule ya kwenu. Watoto wa Kehancha wanafaa kumwona mwandishi akiwa hai, anacheka na kunywa chai.

1. Beba mswada wa pili. Kule Makerere kulikuwa na mwanafunzi aliyeitwa James Ngugi, ambaye hakuwa na riwaya hata moja iliyochapishwa, hadithi fupi chache tu. Vikao vilikuwa vingi na mijadala mikali, lakini yeye alikuwa na shughuli yake: alimwomba Chinua Achebe ausome mswada wake. Achebe, ambaye Things Fall Apart ilikuwa imemtangaza tangu 1958, alikubali, akampa mapendekezo machache. Mwaka 1964 mswada huo ukatoka Heinemann kwa jina la Weep Not, Child. Mwanafunzi huyo ndiye tuliyekuja kumjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Kitabu cha kwanza kinakupa beji ya kuingilia ukumbini. Lakini mhariri akikuuliza unaandika nini sasa, anataka jibu lenye kurasa. Ule mswada ulioufungia kwenye droo uutoe leo, uumalizie sura iliyobaki kabla ya Septemba, uuchapishe kwa nafasi pana ili msomaji apate pa kuandika maoni, uuweke kwenye begi unalobeba mkononi. Usiuweke kwenye buti, kwa jogoo.