Mgeni kutoka Jangwa la Chumvi

Jumatatu

Mgeni wa shemeji yangu alitakiwa kutua Bangboka, uwanja wa ndege wa Kisangani, saa tatu asubuhi. Ametua saa tisa alasiri. Sanduku lake limebaki Kinshasa. Alichofika nacho ni darubini ndefu ya kutazamia ndege, miguu yake mitatu ya chuma, na kofia pana ya kujikinga na jua. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri.

Papa huyu huongoza watalii Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Huwapeleka kwenye jangwa la Chalbi, ambalo zamani za kale lilikuwa ziwa na sasa ni sakafu ya chumvi. Anasema kule mbuni wa Kisomali unamwona akiwa mbali hata ukapata muda wa kunywa chai kabla hajafika. Firigogo nao huja asubuhi kwenye chemchemi za Kalacha, kundi kwa kundi, hawachelewi.

"Na ndege wa huku hunywa saa ngapi?"

Nikamwonyesha mvua. "Saa yoyote, Papa."

Jumanne

Tumeshuka mtoni, penye pirogi za kuvukia Lubunga. Papa hajamaliza kusimamisha darubini, akatokea afisa mwenye kalamu. Hakuwa na karatasi. Nikamchania moja kutoka daftari langu, akaandika: chombo, kimoja, cha kuangalia ng'ambo. Papa akamkaribisha aangalie mwenyewe ili maneno yaishe. Afisa akainama, akafumba jicho moja, akakaa hivyo muda mrefu. Shemeji yake, ambaye tangu juzi yuko kitandani kwa malaria, alikuwa Lubunga chini ya mwembe na chupa mkononi. Afisa akapanda pirogi bila kutuaga. Saa kumi alirudi kuomba aangalie tena.

Ndege walioandikwa: mwewe, wengi. Mdiria, mmoja. Shemeji wa afisa hakuandikwa.

Usiku umeme umekatika, nikamsimulia Papa habari za tausi wa Kongo, maana ndiye aliyemleta. Mwaka 1913, huko Avakubi kwenye mto Ituri, Mmarekani James Chapin aliona unyoya umechomekwa kwenye kofia ya mtu. Hakumjua mwenye unyoya. Akauweka. Mwaka 1936 aliingia makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, akakuta ndege wawili waliokaushwa wamewekwa juu ya kabati, wameandikwa kwamba ni tausi wachanga wa India. Unyoya ulikuwa wao. Ndivyo tausi wa Afrika alivyoingia katika vitabu: kutoka kofiani, kupitia kabatini.

Papa akanyamaza gizani. Kisha akauliza kofia huku huuzwa soko gani.

Jumatano

Asubuhi, soko kuu. Tumekagua kofia. Manyoya ya kuku, ya bata, na moja la plastiki. Papa alimwomba mzee mmoja mwenye heshima zake ageuke kidogo ili amwone kisogo. Mzee hakugeuka. Tukamnunulia soda.

Mchana tumekwenda kwa Wagenya. Darubini nilikuwa nimeifunga vizuri kwenye toleka, baiskeli ya abiria, miguu imelala kwa upana, na barabara ilitutosha mpaka ilipopita pikipiki yenye abiria watatu na godoro. Mguu mmoja umeondoka na godoro.

Wagenya husimika magogo katikati ya maporomoko yenyewe, wakafunga mitambo yao ya miti, wakaning'iniza vikapu vikubwa kuliko mtu ili maji yawaletee samaki. Mvuvi mmoja aliitazama darubini yenye miguu miwili, akakata mti, akaufunga kwa kamba ya msituni. Hakuuliza ni chombo cha nini. Sasa huo ndio mguu pekee usiotikisika.

Papa amefurahi leo. Juu ya miamba, povu likiwarukia, wamekaa vindege vya kijivu vyenye mkanda mweupe shingoni, wanaoishi kwenye miamba ya mito mikubwa na hutaga humohumo juu ya jiwe. Wamekaa wazi, mbali, bila jani mbele yao. Akasema hao ni ndege wenye adabu.

Alhamisi

Msitu wa Masako, kilomita 15 hivi kwa barabara ya zamani ya Buta, ambako watu wa Chuo Kikuu cha Kisangani hufanya utafiti wao. Imedhihirika kwamba darubini ya Papa haioni kitu kilicho karibu kuliko mita sita. Msitu wote uko ndani ya mita sita. Kilichobaki kiko juu, nyuma ya majani. Hondohondo walipita juu yetu, mabawa yakivuma kama garimoshi la Ubundu. Tuliwasikia wakija, tukawasikia wakienda. Papa aliandika "hondohondo", akafuta, akaandika "sauti".

Tulimwuliza mzee wa kijijini kama tausi yupo. Akasema babu yake alimla.

Kisha wakaja vinyuki. Hawa ni wadogo, hawana mwiba, na hawataki asali wala vita, wanataka jasho. Kwa mvua ya kwetu chumvi haikai ardhini, kwa hiyo msituni kila kiumbe anaitafuta. Tembo hufukua matope ya uwazi wenye madini, kasuku hushuka kwa makundi kula udongo huohuo, okapi hulamba udongo wa mfinyanzi. Vinyuki havina uwazi wao, vina watu. Mimi havikunishughulikia sana. Lakini Papa amekula chumvi ya Chalbi maisha yake yote, na habari hiyo ilisambaa. Vilimwingia machoni, masikioni, ndani ya miwani. Alisimama wima akiwa ameshika kalamu. Daftarini ameandika: nyuki, karibu mno.

Jioni akatoa mfukoni bonge la chumvi lililofungwa kitambaani, la kutoka jangwani kwao, ambako wafugaji Wagabra hulishia ngamia. Akasema ni zawadi. Nikaliweka upenuni likauke.

Ijumaa

Forodhani tumekutana na kijana mwenye kikapu kilichofunikwa. Kikapu kikapiga mluzi. Papa akauliza ndani kuna nini, kijana akajibu samaki. Samaki akapiga mluzi tena. Biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini imekatazwa tangu 2017, baada ya mataifa kupiga kura Johannesburg mwaka uliotangulia, na kijana huyo huenda alikuwa amesikia, maana alitembea haraka. Papa hakujua aandike kwenye safu ipi.

Jumamosi

Mvua. Tumekula lituma na sombe. Sanduku limefika: mashati manne ya rangi ya mchanga na kitambaa cha kuzuia vumbi puani.

Jumapili

Papa ameondoka. Ndege yake ilichelewa, akapata muda wa kuhesabu mwewe wa Bangboka. Mguu wa mti ulikataliwa mlangoni, kisha ukaruhusiwa kama fimbo ya mzee.

Nimerudi nyumbani nikakuta mbuzi wa jirani upenuni wakilamba chumvi kwa zamu. Mama mwenye mbuzi alikuja kuwachukua, hawakutaka. Akauliza mgeni atarudi lini. Nikamwambia sijui, Mama. Akasema basi tugawane maziwa, akaenda zake.