Namba Moja Iko Uani

Operesheni ya anwani za makazi ilipofika kwetu Mbagala mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, barabara ilipata jina, nyumba ikapata namba, na mama akapata kiburi. Lakini mkono wa serikali unaishia mlangoni. Postikodi ya tarakimu tano inakufikisha kwenye kata, jina la barabara na namba vinakufikisha kwenye nyumba. Vyumba sita vya korido na viwili vya uani ni mamlaka ya mwenye nyumba.

Mama aligawa namba kwa heshima. Bibi mmoja, mpangaji wa siku nyingi kuliko wote, akawa namba moja japo anakaa uani, jirani na choo. Mwalimu wa chumba cha mbele, aliyehamia juzi, akaambulia namba nane. Bodaboda wanaoleta chipsi walihesabu milango, wakamgongea asiyehusika, na mlo ukaliwa.

Balaa lilikuja na mita nane za LUKU. Fundi alivuta nyaya akihesabu kuanzia mbele. Mama akaziandika mita kwa hesabu yake. Mwalimu akawa ananunulia umeme mita inayowasha uani. Bibi, mwenye taa moja na redio, akawa analisha friji na pasi za mwalimu bila kujua.

Siku uniti za bibi zilipofika sifuri na taa yake ikaendelea kuwaka, alimshukuru Mungu, akaacha kununua. Mwalimu akabaki gizani, uniti zimejaa kwenye mita.

Fundi aliitwa. Kipimo chake kilikuwa rahisi: anazima mita moja, mama anasimama koridoni kusikiliza nani atapiga kelele. Ya nane ilipozimwa, sauti ilitoka uani: "Nani kanizimia taarabu yangu?"

Mwalimu alidai fidia. Wakapiga hesabu barazani, na ikaonekana friji ndiyo imekula hela za bibi. Mama hakukubali kubadili namba hata moja, kwa hiyo nyaya ndizo zilizohamishwa.

"Hela zako sizitaki, mwanangu," bibi akamwambia. "Nipe shelfu moja humo kwenye friji."

Sasa anauza barafu za ubuyu. Watoto wa mtaa wanazifuata chumba namba nane, na mwalimu anawafungulia.