Mwezi Umesingiziwa

Kila mwaka Idi el-Fitri hutushukia kama mgeni asiyebisha hodi. Ramadhani ina siku 29 au 30, basi. Shaka nzima ni ya siku moja. Hata hivyo, ni usiku wa kuamkia sikukuu ndipo Kariakoo nzima inapogundua kwamba pilau hupikwa kwa mchele, na lawama unatwishwa mwezi: eti umechelewa kuandama.

Atasema mtu kwamba nyama hailali, na umeme wa friji ni wa kubahatisha. Kweli, nyama isubiri. Lakini kuchagua mawe kwenye mchele, kukaanga na kusaga bizari nzima, iliki na mdalasini, kuazima sufuria kubwa kabla mtaa mzima haujaiwania: hayo yanataka friji gani? Mwingine atalilia hela. Sawa, ila bei ya kuku mkesha wa Idi haijawahi kumhurumia aliyechelewa. Tena mchelewaji mara nyingi si mpishi, ni baba mwenye nyumba: hela anatoa saa nne usiku, na kesho yake mchana anauliza kwa upole mbona pilau haiivi. Mwezi ukikosekana leo, kesho hauna ujanja; hela ya nyama haijatoa ahadi hiyo.