Upanga Usiojua Kutu

Mtu yeyote aliyepata kuishi Tanga karibu na bahari anajua kwamba upepo wa pwani, ambao wageni huusifu kwa ubaridi wake, ni hasimu wa siri wa kila chombo kilichopita mikononi mwa mhunzi. Hula bawaba za madirisha, hula kufuli, hula vijino vya mbuzi hata nazi ikawa haikunwi bali inapapaswa. Na kisu kilicholala karoni usiku mmoja huamka na madoa ya ukongwe. Uharibifu huo ningeustahimili, lau usingekuwa na tabia ya kungoja mashahidi. Panga letu la bustani, mathalan, lilitumika kwa miaka mingi faraghani bila ya kosa lolote, likaisubiri siku waliyokuja wakwe zangu, na nilipoliinua mbele yao ili nikate madafu ya kuwakirimu, bapa likauaga mpini, likapaa juu ya ukuta, likatua katika beseni la nguo la jirani. Mpini ulibaki mkononi mwangu, nami nikaukamilisha mzunguko wa mkono kwa heshima yote iliyowezekana, dafu likiwa salama salimini. Jirani alilirudisha lile bapa huku akisoma dua kwa sauti iliyokusudiwa ivuke ukuta.

Basi mpwa wangu alipokuja kwetu wakati wa likizo, akaifunga mashine yake ya gemu katika televisheni ya sebuleni, nilijikuta nimeketi kando yake nikitazama, si kwa shauku ya vita, bali kwa kijicho. Gemu yenyewe ilikuwa Elden Ring, iliyotolewa mwaka 2022 na kampuni ya Kijapani iitwayo FromSoftware, na shujaa wake alikuwa akimtema joka mguuni kwa upanga mmoja, na kila alipomkosa joka aliupiga upanga ule katika jiwe, akaendelea.

"Upanga huo ukivunjika, unafanyaje?" nilimwuliza.

"Hauvunjiki, mjomba."

"Ukipata kutu?"

"Haupati kutu, mjomba." Alinijibu kwa adabu, lakini bila ya kugeuka, maana joka alikuwa bado hai.

Nikaambiwa kwamba mhunzi yupo katika ulimwengu ule, tena amefungwa minyororo karakanani, walakini kazi yake ni kuuzidishia upanga nguvu tu; hajapata hata mara moja kuletewa upanga uliokatika. Niliwakumbuka mafundi wote niliowapelekea vitu vyangu, na nyuso zao walipoviona, nikamwonea mhunzi yule ghera juu ya minyororo yake.

Mpwa wangu ni mwanachuoni wa mambo haya, na katika siku zilizofuata alinipa tarehe yake kwa insafu. Katika Doom ya mwaka 1993 bastola haikwami, haisafishwi, wala bunduki hazijazwi risasi upya maadamu mfuko wa shujaa unazo. Na humo umo msumeno wa injini uliounguruma tangu mwanzo hadi mwisho pasipo kutiwa tone la petroli. Hapa nilimsimamisha, nikamtaka alirudie neno hilo mbele ya mke wangu, ambaye kwa muda mrefu amekuwa akidai kwamba jenereta yetu ina ulafi usio wa kawaida. Lakini furaha yangu haikudumu, kwani Doom iliyotoka 2016 iliurudisha msumeno ule katika sheria za dunia, ukaanza kudai mafuta. Kadhalika kisu cha shujaa Leon katika Resident Evil 4 ya 2005: kilipasua masanduku na kukata adui usiku kucha pasi na kuchoka, lakini gemu ile ilipoundwa upya 2023, kisu kikawa kinavunjika, na huna budi kumpelekea mchuuzi akitengeneze kwa malipo. Watu wameketi ofisini, wana elimu na viyoyozi, wakatafakari ni starehe gani iongezwe katika gemu, wakaona ni gharama ya fundi! Mimi starehe hiyo naipata nyumbani bila ya kununua mashine.

Tena wao huupima uchakavu kwa hesabu, jambo ambalo nyumbani kwangu halijawezekana. Katika Minecraft kila upanga umeandikiwa umri wake kwa mapigo: wa mti 59, wa chuma 250, wa almasi 1,561, nao wa dhahabu 32 tu, chini ya ule wa mti. Mke wangu, aliyekuwa akipita na sinia, aliposikia habari ya dhahabu alizitazama bangili zake, kisha akanitazama mimi, utadhani ndimi niliyezitunga zile nambari. Na katika Dark Souls II, ya 2014, ilizuka kasoro ambayo hata upepo wa Tanga haujawahi kuifikiria: silaha ziliharibika kwa kadiri ya wingi wa picha ambazo mashine ilichora kwa sekunde, hivi kwamba mwenye kompyuta ya kuchora picha 60 aliupoteza upanga wake upesi maradufu kuliko mwenye mashine ya picha 30. Alilipa zaidi, akavunjikiwa mapema. Kasoro hiyo iliondolewa 2015. Katika maduka ya vyombo ninayoyafahamu bado ipo.

Lakini gemu iliyonifanya niamue niko upande gani ni ile ya Zelda iliyotolewa na Nintendo mwaka 2017, Breath of the Wild, ambamo panga, mikuki, pinde na ngao huvunjika mikononi mwa shujaa takriban kila pambano. Upanga mmoja tu mtukufu hauvunjiki. Huo huchoka, ukaomba kupumzika dakika kumi, kisha ukarejea kazini. Sijui mwandishi wa sheria ile alimjua fundi gani, maana dakika kumi za mafundi wangu huanza baada ya Adhuhuri na kufika hadi Magharibi. Nilimtazama mpwa wangu akiicheza, nikaona ajabu: mfuko wake ulijaa panga za thamani, naye alikuwa akipigana kwa rungu la mti na mpini wa ufagio. Nilipomwuliza zile nzuri anamwekea nani, alisema anamwekea adui mkubwa. Adui mkubwa akaja, akapigwa kwa rungu. Hapo nilimtambua kuwa ni mtoto wa dada yangu hasa, kwani mamake ana sahani za kauri zilizoletwa kutoka Muscat, zimekaa katika kabati la vioo zikingoja mgeni ambaye cheo chake hakijulikani, na sisi ndugu zake tunapakuliwa pilau katika bati. Chombo kikijulikana kuwa kitavunjika, mwenyewe hugeuka mlinzi wake. Na mimi, niliyekula katika bati, nasema bora upanga usiovunjika. Mke wangu hakubali. Yeye husema kwamba laiti panga lile lisingeruka ukuta, jirani tusingesemezana naye hadi leo. Suala hili hatujalimaliza.

Kilichovunjika mwishowe hakikuwa upanga. Kile kidude cha kuchezea kina kijiti cha kumwongoza shujaa, na chini ya kijiti mna utando mwembamba wa kaboni unaosuguliwa kila kinaposogezwa. Utando ukichakaa, hupeleka habari za uongo. Shujaa wa Elden Ring, ambaye hakuguswa na mtu, alianza kutembea kwa hiari yake, akavuka uwanja, akafika ukingoni mwa jabali, akatumbukia, upanga wake mzima mkononi.

Tukaenda Ngamiani kwa fundi wa redio na simu. Akakigeuzageuza, akasema, "Mzee, dakika kumi tu." Mpwa wangu alifurahi; mimi niliagiza kahawa na kashata. Jua lilikuwa limeshapungua ukali fundi alipofika katika skrubu ya mwisho, ambayo upepo wa bahari ulikwisha ifikia, akaikazia mkono, na ncha ya bisibisi yake ikakatikia mle mle. Aliutazama mpini uliombakia, kisha akaniuliza kwa upole kama kwangu hakuna bisibisi nyembamba ya kumwazima.

Nikamjibu kwamba ipo, ila haina mpini.

"Ilete vivyo hivyo," akasema. "Mpini ninao."