Namna ya Kupiga Kopi Wimbo wa Zamani na Bado Mkasalimiwa Mnadani Bariadi

Bendi ya magitaa ya umeme inayotaka kupeleka wimbo wa zamani redioni ina kazi mbili: kuwachezesha vijana, na kutowaudhi wazee walioucheza wimbo huo enzi zao. Inawezekana. Mwaka 1968 The Tremeloes wa Uingereza waliuchukua Helule Helule wa Daudi Kabaka, bingwa wa twist ya Kenya, wakaufikisha nafasi ya 14 kwenye chati za kwao. Kama Waingereza waliweza kusimama na wimbo wa Nairobi, bendi ya Bariadi haina kisingizio. Fuateni haya.

Kwanza, mjueni mwenye wimbo. Malaika umeimbwa na Miriam Makeba na Boney M, lakini hadi leo watu wanabishana kama mtunzi ni Fadhili William, aliyeurekodi ukavuma, au mwingine. Msiongeze ubishi wa pili. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999 iliweka ulinzi wa miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki 1965. Mbaraka Mwinshehe, 1979. Pigeni hesabu, kisha waulizeni COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki nchini, kabla hamjalipia studio.

Pili, upigeni kwanza kama ulivyo. Bendi zilizorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam zilipiga kwa pamoja, waimbaji na wapigaji. Akikosea mmoja, wanaanza upya wote. Ndiyo maana solo, ridhim na besi za wakati ule zinasikilizana. Anayesema "tuufanye wa kisasa" kabla hajaiweza ridhim ya zamani, mpeni manyanga ayatikise mpaka aiweze.

Tatu, kateni marudio, msikate chemko. Wimbo wa dansi huanza polepole ukisimulia kisa, halafu, kwenye chemko, magitaa yanachanganya na watu wanaacha viti. Redio inataka wimbo mfupi, kwa hiyo punguzeni beti zinazojirudia. Kisa kibaki na chemko kibaki. Bendi inayotoa chemko ili ipate dakika tatu imeuza ng'ombe ikabaki na kamba.

Nne, tieni alama yenu. Western Jazz walikuwa na Saboso, Tabora Jazz wakawa na Segere Matata. Msikilizaji alijua nani anapiga kabla mtangazaji hajafungua mdomo. Ninyi mko Usukumani. Mdundo wa bugobogobo, ngoma ya majembe, una kifua cha kubeba gita lolote la roki. Ila mleteni mpiga ngoma mwenyewe, mumlipe, mumpe maikrofoni yake. Mdundo uliookotwa kwenye kompyuta, wazee wataugundua kabla ya ubeti wa pili.

Tano, upelekeni kwa waamuzi. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vya Wasukuma, hupambanisha ngoma zao, kila kundi upande wake wa uwanja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Watu waliolelewa hivyo hawapigi makofi ya adabu, wanahama. Basi fungeni spika siku ya mnada, pigeni, mtazame miguu. Wakihama kwenye kiitikio, kirekebisheni kiitikio. Wakihama mwanzoni, rudini hatua ya pili, na manyanga yapate mtu mwingine. Bibi akitua mzigo wake akaanza kucheza, wimbo umeiva.

Sita, nendeni redioni mmejiandaa. Iwe Sibuka FM ya Maswa au kituo cha Mwanza, fikeni na karatasi yenye jina la wimbo, la mtunzi na la bendi iliyourekodi kwanza. Mtangazaji akisahau kuisoma, mkumbusheni hewani, kwa heshima. Vijana wengi watausikia wimbo huo kwenu kwa mara ya kwanza, na wataamini ni wenu msipowaambia. Mkiulizwa ni wa nani, litangulizeni jina la mtunzi. La bendi yenu lifuate.